Koti Jeupe la Mtafiti

Mtu hupenda kumtafuta adui ng'ambo ya ukuta, kumbe anayemdhuru anatembea naye.

Palikuwa na mtafiti mmoja aliyetengeneza dawa ya kuzuia saratani isisambae mwilini. Saratani ya dada yake ilianzia titini, ikatambaa hadi mapafuni, ikamwua. Tangu hapo mtafiti hakuwa na jambo jingine moyoni. Alikuza seli za ugonjwa kwenye visahani, akazitia dawa, akangoja aone kama zitahama. Lakini kila mara, kabla ya kupata jibu, maji ya visahani yalichafuka kama ya kuoshea mchele. Chini ya hadubini aliona vipunje vya mviringo vikichipuka kimoja kutoka kwa kingine, na seli zote zimekufa.

"Limebaki jaribio moja," mkurugenzi wa maabara alifoka. "Likiharibika, tunafunga mradi."

Mtafiti alimgeukia msaidizi wake, mzee mmoja aliyebandikwa jina la Kimya. Mtafiti aliamini kimya kingi kina mshindo.

"Nani alifungua kabati la seli jana?"

"Mimi na wewe, Daktari. Labda na malaika."

"Usinitanie! Mtu anatia kitu humu."

"Basi nipekue." Kimya aligeuza mifuko yake nje. Ikadondoka pipi moja.

Mtafiti hakuridhika. Tangu mwanzo hakumwamini mtu. Hata koti lake la kazi hakumpa dobi wa maabara kama wenzake. Alilibeba nyumbani kila jioni, wasije wakalipaka uchafu. Usiku ule aliazimia kumfukuza Kimya. Alfajiri akapiga magoti: "Ee Mola, nifichulie anayeniangamiza."

Alipokuwa akitoka, mumewe, mwoka mikate, alimwita kutoka jikoni.

"Ngoja, mke wangu, nikukung'utie koti. Hamira imelirukia tena. Si nilikuambia usilitundike huku?"

"Tena?"

"Kila siku! Unadhani unanukia mkate bure?"

Mtafiti alikunjua upindo wa mkono wa koti. Unga wa hamira ulikuwa umejaa ndani. Akavikumbuka vile vipunje vikichipuka: kumbe vilikuwa chembe za hamira. Dua yake ilikuwa imejibiwa.

"Nisamehe, mzee wangu," alimwambia Kimya alipofika maabara. "Mchawi ni mimi. Hamira ya jikoni kwangu imekuja na koti hili."

Kimya akajibu: "Nimekusamehe. Ila hilo koti, mpe dobi."

Walifanya jaribio la mwisho. Maji yalibaki maangavu, na seli zilizotiwa dawa zilitulia palepale, hazikuhama. Mtafiti alilia, akimkumbuka dada yake na miezi yote aliyoipoteza akiwachunga wenzake. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.