Mtoto wa Digidigi Aliyeumwa Kila Asubuhi

— Hadithi, wanangu!

— Ilete tuisikie!

— Niilete na nini?

— Na utamu wake!

Hapo zamani za kale palikuwa na Mama Digidigi, mnyama mdogo mwenye miguu myembamba kama vijiti. Mumewe aliuawa na Chui, akabaki na mwanawe mmoja, Shungi.

Shungi alisoma kwa Mwalimu Kanga, aliyewafundisha watoto wa wanyama kusoma nyayo na kunusa upepo. Lakini asubuhi moja alikataa kuamka.

"Mama, tumbo."

"Limeanza lini?"

"Sasa hivi."

Mama akamtafunia majani machungu. Wenzake walipokwisha kupita, tumbo likapona. Shungi akashinda akimfuata mama yake kila alikokwenda.

Kesho yake: "Mama, mguu."

"Upi?"

"Huu. Na huu pia."

Mama akaikanda yote miwili. Wenzake walipokwisha kupita, miguu ikapona.

Jirani yao, Mama Ngiri, akacheka. "Mwenzangu, unadanganywa mchana kweupe! Mchape huyo."

Mama Digidigi hakumchapa, lakini jioni alimwambia kwa ukali, "Kesho uumwe usiumwe, utakwenda."

Asubuhi ya tatu Mama aliamka akakuta malalo matupu.

Akakimbia kwa Mwalimu Kanga. "Hajafika hapa, mama." Akakimbia kwa Mama Ngiri. "Sijamwona, mwenzangu." Akatoka mbugani peupe, mahali ambapo digidigi hakanyagi mchana, akiita, "Shungi! Shungi wangu!" Hata kunusa upepo alisahau.

Nyuma ya kichuguu Chui alikuwa amejibana, mkia unacheza.

Mara ikasikika mbiu ya digidigi: "Ziki! Ziki! Mama, nyuma yako!"

Mama akaruka. Kucha zikamkwaruza paja. Akaifuata sauti, akajitosa katika shimo la muhanga, na humo ndani akamkuta mwanawe. Chui akachungulia, akachimba, akachoka, akaenda zake.

Mama alitaka kugomba. Kisha akahisi jinsi mtoto anavyotetemeka. Akauliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza.

"Mwanangu, kuna nini huko shuleni?"

"Hakuna kitu. Shule naipenda."

"Basi nini?"

Shungi akaanza kulia. "Siku ile Baba alipokwenda kulamba chumvi, mimi nilikuwa shuleni. Niliporudi hayupo. Nikienda tena, na wewe je?"

Mama akamlamba machozi. Mtoto huyu hakulia msibani, naye alidhani amekwisha kusahau.

"Kumbe ulikuwa unanilinda?"

"Ndiyo, Mama."

"Siwezi kukuapia kwamba Chui hatarudi. Lakini kila asubuhi nitakuambia nitakuwa wapi, na jioni nitakuja kukuchukua. Nawe ukiwa na jambo, niambie jambo lenyewe. Usinipe tumbo."

Siku iliyofuata walikwenda wote wawili. Shungi aligeuka nyuma kila hatua. Akalia, na siku ya pili akalia tena. Mwalimu Kanga akamwacha akae pembeni, mahali anapoiona njia. Jioni Mama alikuja. Siku nyingine mvua ilinyesha, akachelewa, lakini alikuja.

Hata asubuhi moja watoto wa Ngiri walipita wakipiga kelele, na Shungi akachomoka kuwafuata, mbio! Alisahau hata kuaga.

Mama Digidigi akabaki amesimama njiani, anacheka huku machozi yanamlengalenga.

Basi, wanangu, jambo likiwakaa moyoni lisemeni, maana hata anayekupenda hawezi kuliona mpaka umwambie. Nanyi mliozaa, mtoto akiikataa shule, msikimbilie fimbo. Muulizeni kwanza anaogopa nini.

Hadithi naitua hapa. Mwenye mabega aibebe, ampelekee mwenziwe.