Vitenge Kwenye Pua ya Gari

Kaeni, wapendwa, kaeni. Vigelegele tumevisikia mpaka popo wa darini wamehama. Sikatai! Kwaya yetu imerudi na kombe la jimbo, na tangu asubuhi hata mimi natembea kifua mbele kana kwamba niliimba. Mmewavika vitenge, mmemvika na mwalimu wao mpaka tunamwona macho tu. Sawa, ni haki yao. Ila nisikilizeni kidogo, nina habari ya bwana mmoja na gari lake.

Bwana huyu alizaliwa kijiji cha juu mlimani, akahamia mjini kutafuta maisha, kule chini kwenye joto. Mama yake alibaki kijijini, na kijiji kile hakikuwa na mashine ya kusaga. Mnajua maana yake? Wa umri wangu mnajua. Mama anajitwika debe la mahindi, anashuka bonde, anapanda bonde, anapanga foleni kwenye mashine ya watu, na akirudi shingo imeingia mabegani. Bwana huyu akiwa mdogo aliiona shingo ile, akasema, "Mama, nitakuletea mashine hapa hapa mlangoni." Mama akacheka, "Haya baba, nitaisubiri." Na kweli aliisubiri. Alizeeka akiisubiri.

Siku ikafika. Mashine ikapatikana, mpya, inang'aa, ikafungwa juu ya tela. Watu wakamshauri akodi lori. "Lori? Mama yangu aletewe mashine na mtu asiyemjua? Thubutu! Naivuta mwenyewe, kwa gari langu."

Sasa gari lenyewe lilikuwa otomatiki, lile lisilo na klachi. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa fundi, na shemeji huyo hakujua kupamba maneno.

"Shemeji, ukivuta tela kwenye mlima mrefu na gari hili, oili ya giaboksi itachemka. Ikichemka giaboksi inakufa, na wewe unalala porini na mashine yako."

"Unanitisha bwana."

"Nakutisha ndiyo. Niache nikufungie rejeta ndogo, kazi yake kupoza oili hiyo tu. Inakaa mbele kabisa, kwenye matundu ya pua ya gari. Upepo unaipiga, oili inapita ndani yake inapoa. Bila hiyo usiondoke."

Hapo nampendea bwana yule. Hakubisha! Wangapi hapa tungekubali kuambiwa gari letu tulipendalo lina upungufu? Yeye alikubali, rejeta ikafungwa, akaaga.

Wapendwa, raha aliyoondoka nayo mjini haina mfano. Kila aliposimama kununua maji, boneti juu. "Njoo uone! Hii kubwa ni ya maji ya injini, hii ndogo ya oili ya gia. Nani mwingine anayo?" Wauza mahindi ya kuchoma wa njia ile waliijua rejeta ndogo kuliko wanavyowajua shangazi zao. Na ajivune, kwa nini asijivune? Gari lilivuta tela tambarare yote bila kulalamika, na yeye anaongea nalo, "Twende baba, mama anatungoja."

Akafika chini ya mlima. Loo! Kijiji kizima kimeshuka kumlaki, akina mama na ngoma, wazee na fimbo zao. Mama yake tu ndiye hakushuka, miguu ilikataa. Alikuwa juu nyumbani, ungo wa mahindi mapya mapajani, anangoja kuwa wa kwanza kusaga.

Wakamteremsha bwana garini, wakamvika kitenge. Wakamvika na kingine. Mwenyekiti wa akina mama akapaza sauti, "Na gari je? Limetuletea mashine halafu liingie kijijini uchi?"

Mnatujua sisi. Gari la bibi harusi halipiti bila kupambwa, la askofu halipiti. Wakalifunga vitenge mbele, kutoka taa hii mpaka taa ile, kimoja juu ya kingine, wakavikaza kwa kamba, na juu yake kitambaa kimeandikwa KARIBU MWANA WETU. Na yeye alifanya nini? Alishika kamba kwa mkono wake. "Kazeni hapo, akina mama, kazeni! Upepo usije ukavipeperusha."

Naona wengine mmeshaguna. Yeye hakuguna. Machozi ya furaha yalikuwa yamemjaa, na nani angemlaumu?

Akaanza kupanda. Watu wakapita njia za mkato, wakawa wanamtangulia. Kila kona anawakuta wamejipanga, wanaimba jina lake. Kona ya kwanza, vigelegele. Kona ya pili, vigelegele, na taa nyekundu ya onyo ikawaka mbele yake, karibu na usukani. Akaiona. Akanusa na harufu, kama ya maharage yaliyoshika chini ya sufuria. Moyoni akasema, "Haiwezi kuwa giaboksi. Rejeta si ninayo?" Halafu kona nyingine hiyo, jina lake linaimbwa. Asimame? Waseme bwana mkubwa wa mjini gari limemshinda? Akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, gari likasita. Akakanyaga tena. Injini ikanguruma zaidi, na gari, wapendwa, likaanza kurudi nyuma na tela na mashine ya mama.

Akapiga breki, akavuta handibreki, watu wakaja mbio kuweka mawe kwenye matairi. Likasimama.

Akashuka, akaenda kufungua boneti, ile ile aliyoifungua njia nzima kwa majivuno, na boneti ikagoma. Kamba za vitenge zimeishikilia. Akakitazama kitenge cha juu, kizuri, kipya, kimetulia tuli juu ya matundu ya pua ya gari, kama kiganja juu ya mdomo wa mtu.

Niambieni, rejeta hakuwa nayo? Alikuwa nayo! Nzima, mpya, mahali pake, ipo nyuma ya sifa zake na haipati hewa.

Giaboksi ilikufa pale pale. Mashine iliingia kijijini ikivutwa na maksai wa kulimia, watu wanasukuma nyuma, na yeye anatembea ubavuni, vumbi mpaka kwenye kope. Mama yake akaipapasa mashine, kisha akampapasa yeye usoni.

"Umefika, baba. Umenifikishia. Na gari liko wapi?"

Akamweleza yote, macho chini. Mama akasema, "Hivyo vitenge si mngevifunga kwenye mashine, huku nyuma? Nani aliwaambia gari linapumulia nyuma, mpaka mkaliziba pua?"

Cheka, cheka. Lakini tunachekana sisi kwa sisi hapa.

Kwaya yetu, mnajua kilichowapandisha mlima ule? Si sauti tu. Nilikuwa napita nje mkiwa mazoezini, nawasikia mnakatizwa katikati ya wimbo. "Sauti ya pili mmechafua. Rudieni." Na mnarudia! Hakuna aliyenuna, hakuna aliyebeba mkoba akaondoka. Huko kukubali kukosolewa ndiko kulikowapoza njia nzima. Sasa mna kombe. Nani atathubutu kuwaambia mmechafua? Na sisi wengine je? Wewe uliyekuwa unamsikiliza mkeo kabla hujapewa cheo, bado unamsikiliza? Na mimi hapa madhabahuni, mkinipigia makofi kila Jumapili, nani ataniambia, "Mchungaji, leo hapana"? Ndugu zangu, tusherehekee, Mungu ametupa sababu. Ila tuangalie tunapofunga vitenge.

Basi mwalimu, vua hivyo vitenge, hata uso wako tuuone. Kombe litakaa kule nyuma karibu na mlango. Mazoezi ni Jumatano kama kawaida. Wakichafua, wakatize.