Mabomba Matatu Meupe

Akina mama wenzangu, naomba mnisikilize. Sitasema maneno mengi.

Kulikuwa na kiwanda kimoja cha maziwa. Ukutani yalipita mabomba matatu, yamebanana. La kijani lilileta maji. La njano lilileta dawa ya kuoshea mitambo, dawa kali inayochubua ngozi. Jekundu lilileta mvuke wa moto. Mfanyakazi aliangalia rangi, akafungulia.

Siku moja zikaja habari kwamba wageni wakubwa watatembelea kiwanda. Mnajua tunavyohangaika wageni wakija. Msimamizi akaagiza kila kitu kipakwe rangi nyeupe.

Fundi wa rangi akauliza, "Hata mabomba, mzee? Watu si watachanganyikiwa?"

"Wachanganyikiwe nini? Wameyazoea. Unataka wageni waone kiwanda kina marangirangi kama duka la kanga?"

Wageni wakaja, wakasifu, wakala, wakaondoka. Mabomba yakabaki meupe.

Wiki iliyofuata mama mmoja aliingia ndani ya tangi kubwa kulisugua kwa brashi. Mlango wa tangi ni mdogo, mtu anaingia amejikunja. Mumewe, naye mfanyakazi wa kiwanda hicho, alisimama nje kwenye koki.

"Baba watoto, fungulia maji nisuuze!"

Akanyoosha mkono, mkono ukaishia hewani. La maji ni lipi? Miaka minane alikuwa akifuata kijani, hakuwahi kuhesabu ni la ngapi. Akayagusa. Moja lilikuwa la moto, akaliacha. Mawili yaliyobaki yote yalikuwa baridi.

"Umelala huko? Povu linaniingia machoni!"

Mtu mzima aulize bomba la maji? Wenzake si watamcheka mpaka jioni? Akashika koki ya katikati. Alikuwa karibu na hakika kwamba ndiyo ya maji. Je, wewe ungefungulia?

Akaondoa mkono. "Mke wangu, toka nje kwanza."

"Nitoke kwa sababu ya maji? Una wazimu?"

"Toka tu. Sijui lipi ni lipi."

Akatoka akilalamika, povu mpaka kwenye nywele. Ndipo mume akafungulia ile koki ya katikati. Ilimwaga ile dawa kali, ikatapakaa pale pale alipokuwa amechuchumaa mkewe. Hakuna aliyecheka.

Naona mnashusha pumzi kwa sababu yule mama ametoka. Msishushe bado. Watoto wetu hawajatoka.

Sisi tuna ndugu katika ukoo ambaye wakubwa wote tunamjua. Tunajua kwa nini msichana wa kazi aliondoka kwake analia, hakurudi hata kuchukua nguo zake. Lakini ni mtu wa heshima, na tunaogopa watu watasema nini. Basi tukanyamaza, tukamfanya afanane na wajomba wengine. Shule zikifungwa, tunamfungia binti begi lake, tunamwambia, "Nenda kamsalimie mjomba, uwe na adabu." Mtoto anaangalia, haoni tofauti. Ataionaje, na sisi tumeifuta?

Mimi mwenyewe naogopa kuyasema haya. Lakini naogopa zaidi ile siku mtoto atakaponiuliza, "Mama, ulikuwa unajua?"

Shule zinafungwa Ijumaa. Kama begi limeshafungwa, tulifungue leo. Tumkalishe mtoto, tumtajie yule mtu kwa jina.