Fisi Aliyeshukuriwa Mpaka Chungu Kikaisha

Chungu jikoni?
Kimeinjikwa.
Moto?
Upo.
Moshi?
Haupo.

Mmejibu vizuri. Hapo mwisho mkisema "upo" tumekwisha, maana tai wa Simba wako juu, vuuu, vuuu, wanatafuta moshi.

Haya niliyaona kwa macho yangu mawili. Moja lilikuwa na tongotongo siku ile, lakini la pili lilifanya kazi ya yote mawili. Nilikaa karibu na jiko hata Kobe mpishi akanidhania figa la nne, akanisukuma nikae sawa.

Basi, zama zile kila kitu kilikuwa cha Simba. Mto wake, nyasi zake, na ukijilaza kivulini unaulizwa kwa ruhusa ya nani. Wanyama wadogo wakachoka, wakaasi. Wakavuka mto, wakashika kipande cha msitu wa mianzi, wakakiita Ng'ambo Huru. Nje vita, ndani watu wanaishi. Mchwa walichimba mahandaki, chimba chimba chimba. Kanga walilinda njia. Waliwatazama sana wale mchwa, lakini sheria ilikataza kulana. Kobe alipika uji wa mtama kwa kuni kavu zisizotoa moshi. Nguchiro, mwenye miguu mifupi na maneno marefu, alifundisha kusoma kwa mkaa juu ya gome, na ndiye aliyekuwa karani wa mkutano. Jambo likiamuliwa, kila mmoja anainua mkono. Nyoka aliinua mkia, wakabishana siku nzima kama mkia ni mkono. Ukapita kuwa mkono.

Sheria zenyewe hazikuwa nyingi. Hakuna bwana, wote ni ndugu. Chungu ni kimoja. Na aliyekulisha umshukuru, naye akishukuriwa asimame, mdomo mtupu, ajibu, "Ahsante kushukuru." Kwa Simba hakuna aliyewahi kuambiwa ahsante, kwa hiyo Ng'ambo walilipenda neno hilo kama chumvi. Na chumvi ilikuwepo: kijiwe kimoja, ukubwa wa jicho la kanga. Kobe alikizungusha ndani ya uji mara moja tu, akakitoa, akakifunga tena katika jani.

Siku moja akaja Fisi. Alisema ametoroka jeshi la Simba, na kweli alikuwa ametoroka. Wakampokea. Taya zake zilivunja mitego ya adui, kwaa, kwaa, kama vijiti. Ila chungu kikiiva, Fisi anasukuma foleni, anaingiza kichwa, fyo fyo fyo, anatoa kichwa, na chungu ukikigonga kinalia ngo. Siku ya kwanza, ngo. Siku ya pili, ngo. Siku ya tatu, ngo.

Wengine walitafuna mizizi. Lakini Bi Paa alikuwa amezaa wiki ileile, katikati ya kuvuka mto, na kwa njaa maziwa yakakata. Mtoto ananyonya anapata ngozi tupu. Siku ya tatu mtoto akaacha hata kulia. Kanga mmoja mtu mzima akamwangalia, akasema kesho mama huyu asipokula, mchwa watachimba shimo dogo.

Mkutano ukaitwa. Mmoja akasema Fisi afukuzwe. Nguchiro akawaambia njia ya kuja hapa anaijua, akifukuzwa Simba atafika kabla ya jioni. Mwingine akasema apigwe.

"Mpige wewe, ndugu," Kobe akasema. "Mimi nitakutazama kwa ndani."

Nguchiro akajikuna, akasema, "Basi tumshukuru."

Wakaona njaa imempanda karani kichwani.

Kesho yake adhuhuri Fisi akaja, kichwa mbele. Nguchiro akasimama kati yake na chungu.

"Ndugu Fisi, mkutano umekuchagua. Wewe sasa ni Baba wa Chungu."

"Baba anakula kwanza?"

"Baba anakula chote kitakachobaki, na baada yake hakuna wa kugusa. Lakini sheria unaijua. Ukishukuriwa?"

"Nasimama."

"Mdomo?"

"Mtupu."

Fisi alikuwa amesikia neno "chote" tu. Akajipanga kando ya chungu, kifua mbele.

Wa kwanza alikuwa Bi Paa. "Ahsante, Baba wa Chungu." Fisi akainua masikio. Tangu azaliwe hajaambiwa hivyo. Mama yake mzazi alizoea kumwambia "toka". Akajibu, "Ahsante kushukuru." Kobe, chwa, akamtilia Bi Paa uji. Wakaja kanga. Ahsante, Baba. Ahsante kushukuru. Chwa. Akaja nyoka. Ahsante, Baba. Ahsante kushukuru. Chwa.

Halafu wakaja mchwa. Mnawajua mchwa walivyo wengi. Walikuja mmoja mmoja.

Fisi akiinama, ahsante, Baba. Anasimama. Akiinama, ahsante, Baba. Mate yanamdondoka, ti, ti, ti. Sauti ikamkauka: ahsante kushuku... kushuu... uuu. Chwa. Chungu kikalia ngo.

Akaingiza kichwa, akakuta ukoko. Akakitoa, uso mweusi kwa masizi.

"Karani, umenichezea."

Kila mtu alizitazama zile taya. Nguchiro, kwa miguu ile mifupi, akajibanza nyuma ya Kobe. Ndipo Bi Paa akarudi, mtoto amening'inia kwenye ziwa, nyo nyo nyo, maziwa yanamchuruzika kidevuni.

"Ndugu Fisi," akasema, "mtoto amenyonya. Ahsante."

Hakusema Baba wa Chungu. Fisi akamtazama yule mtoto. Njia ya kwenda kwa Simba aliijua, lakini kwa Simba neno lile halikuwepo. Akafunga mdomo, akaufungua.

"Ahsante kushukuru, dada."

Akarudi chunguni, kwaru kwaru kwaru. Baadaye tukamsikia anasema mle ndani, "Kumbe ukoko una chumvi."

Toka hapo alikula wa mwisho, na mtoto akakua. Mpaka leo fisi akilia porini, uuu-wi, bado anawajibu mchwa.

Sasa funzo. Watoto, msimshukuru mtu. Mmeona ahsante ilivyomlaza njaa mwenye nguvu. Mkipewa, kuleni mnyamaze. Nami nawashukuru sana kwa kunisikiliza.

Chungu?
Kimekwisha.
Moto?
Umezimwa.
Moshi?
Haukuwepo.

Na yote ni kweli, ila kitu kimoja. Chumvi haikuwepo. Miaka yote ile ya Ng'ambo tulikunywa uji chapwa, tukashukuru. Ila mtu aliyejibu neno lile kwa tumbo tupu, mimi nimpe ukoko chapwa? Nilishindwa. Chumvi nimeitia mimi.