Ndani ni Kama Nje

Mjane mmoja, jina lake Bi Mashavu, alikuwa na nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe katika mtaa wa zamani wa mji mdogo wa milimani. Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, bati juu, na ukuta wa mbele peke yake ndio uliopigwa plasta, kwa kuwa mume alifariki kabla hajaimaliza nyumba yote. Humo alizalia watoto wake, na humo alitaka kufia. Hakumwomba Mungu zaidi ya hayo.

Siku moja mjumbe wa mtaa, Bi Mwantumu, ambaye pia alikuwa jirani yake wa mlango wa pili, alipita akitangaza kwamba wathamini wa halmashauri wanakuja kutazama majengo, ili kila mwenye nyumba apangiwe kodi kwa kadiri ya thamani ya nyumba yake. Lakini watu wa mtaa ule adabu yao ilizidi akili. Katika tangazo zima walisikia jambo moja tu, kwamba kuna wageni, na mgeni hapokewi na ukuta mchafu. Wakapaka chokaa, wakafagia, wakapanga vyungu vya maua barazani kana kwamba wanakuja washenga. Bi Mashavu aliuza kuku wake apate rangi ya buluu ya kuzungushia madirisha. Ilipokauka alisimama barabarani akaitazama nyumba yake, akafurahi kama bibi harusi.

Mthamini akaja. Akakaribishwa barazani, akapewa chai ya tangawizi na maandazi, akala, akashukuru. Alikuwa mtu mpole. Alipotaka kunyanyuka aingie ndani, Bi Mashavu alikaa sawasawa mbele ya pazia la mlango. "Usijisumbue, mwanangu," akasema. "Ndani ni kama nje." Mthamini hakuona sababu ya kumbishia mama mtu mzima aliyemkirimu. Akaandika, akaaga.

Haikuwa kweli. Nyuma ya pazia lile, chumba alicholala na mumewe miaka yote ya ndoa kilikuwa kimechakaa kabisa. Mvua za masika zilikuwa zimekula ukuta hadi ukainamia uani, ukabaki umeegemezwa kwa miti, na bati lilitoboka hata mawingu yakaonekana. Kwa miaka kadhaa Bi Mashavu alikuwa akilala ukumbini juu ya mkeka. Hakumwambia mtu, si wanawe waliokuwa mbali, wala Bi Mwantumu, aliyekaa naye barazani kila alasiri wakichambua mchicha. Akiulizwa hali alijibu hajambo, tena kwa sauti ya juu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na msemo huo Bi Mashavu aliwapa wenzake kila walipomjia na shida zao. Yeye nafikiri alijiona amekwisha kuzaa.

Kodi ilipotoka, ya kwake ilikuwa kodi ya nyumba ya tajiri. Hakuwa na pa kuitoa. Asipolipa nyumba itauzwa, na mwanamke wa umri wake akishatoka kwake huwa mgeni popote aendapo, hata kwa mwanawe wa kumzaa. Akajitanda kanga, akaenda halmashauri kukata rufaa. Akalalamika kwamba yeye ni mjane, kwamba wenye maduka sokoni wametozwa kidogo, kwamba dunia haina haki. Mthamini alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza taratibu kwamba yeye aliandika alichoonyeshwa na alichoambiwa. Rufaa itasikilizwa, ila lazima yeye mthamini arudi aione nyumba yote, na mjumbe wa mtaa awepo kama shahidi. Bi Mashavu alirudi nyumbani akilia njia nzima. Hakumwogopa mthamini, kwa maana huyo ataona kisha ataondoka. Aliyemwogopa ni Bi Mwantumu, atakayebaki.

Siku ilipofika alikaa tena palepale mbele ya pazia. Mthamini alikuwa amesimama, Bi Mwantumu amesimama, na yeye hanyanyuki. Alifikiri kuiacha rufaa, auze nyumba, aseme anahamia kwa wanawe kwa sababu wanamhitaji. Uongo huo alikuwa ameshautayarisha. Lakini alipogeuza uso akaiona plasta ambayo mumewe aliipiga kwa mikono yake mwenyewe, akaelewa kwamba anataka kuiuza kazi ya mtu yule ili tu watu wasijue kwamba imechoka. Aibu ile ikamuuma kuliko ile ya kwanza. Akanyanyuka, akalivuta pazia kando, akasema, "Karibuni ndani. Niliwadanganya."

Wakaingia. Mthamini akatazama ukuta, akatazama bati, akatazama mkeka, akayafuta aliyoandika mwanzo na kuandika mengine. Na baadaye kodi ile ilishushwa hadi ikawa ya kumudiwa na mjane. Bi Mwantumu hakutikisa kichwa, hakutoa pole. Alisimama katikati ya chumba kile, machozi yakimtoka. Halafu akamshika mwenzake mkono, akamtoa nje, akampandisha kwenye baraza yake mwenyewe hadi mlangoni, mahali ambapo Bi Mashavu hakuwahi kupavuka tangu wote wawili walipokuwa wake wapya katika mtaa ule.

"Mwenzangu," akamwambia, "njoo uone na kwangu."

Na humo namo ukuta ulikuwa umeinama, kwa mvua ileile, na mkeka ulikuwa umetandikwa ukumbini. Wale wanawake wakakumbatiana, wakalia, kisha wakaanza kucheka kwa kuwa hawakujua la kufanya jingine. Walikuwa wamelala miaka hiyo yote kila mmoja kwenye mkeka wake, wakitenganishwa na uchochoro mwembamba, na kila mmoja akimwonea mwenzake wivu. Majirani walipoona wakatoka, na mthamini hakuwahi kurudi ofisini mapema siku ile, kwa sababu kila alipopita aliitwa aingie.

Basi ninyi mnaonung'unika kwamba hakuna wa kuwahurumia, ni nani mmemwonyesha panapouma?