Kisu cha Badru Kisichokata Kitu

Aliutawala mji wa Kanzari sultani mmoja akiitwa Mundhiri bin Ghassani, na mji huo ulikuwa na mabustani ya makomamanga na machungwa, na masoko yenye kila bidhaa, na kasri jeupe lenye madirisha ya nakshi, na sultani mwenyewe alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyependa halua kuliko vita, na kwa sababu hiyo raia zake waliishi kwa raha, nami sioni la kumlaumu.

Basi katika mji huo kila mwanamume alichomeka kisu cha kukunja mshipini mwake, akamenyea machungwa, akakatia uzi, akafungulia mizigo. Na karibu na lango la kasri palikuwa na duka la uturi, na mwenye duka alikuwa kijana mtanashati, Badru bin Mauladi, aliyejipenda kupita kiasi. Marehemu baba yake alimwachia kisu chenye mpini wa pembe, na Badru kila asubuhi baada ya sala alikaa mlangoni akalisugua bapa lake kwa unga laini wa chokaa na mafuta ya karafuu, akalipangusa kwa kitambaa cha hariri, hata likang'aa, mtu akijitazama humo aone kope zake moja moja. Akishajitazama masharubu, alikikunja, akakizonga hariri, akakirudisha mshipini.

Wala sisemi kwamba kung'arisha ni upuuzi. Chuma kilichosuguliwa vile hakishikwi na kutu upesi, maana maji hayapati pa kujificha, na ukikipangusa mara moja kimetakata, na hupita katika vitu vyenye kunata bila kung'ang'aniwa. Lakini Badru angeyajuaje hayo, na yeye tangu alipokirithi hakukata nacho hata ganda la chungwa? Akitaka kumenya tunda alimgeukia jirani yake na kumwambia, "Niazime kisu chako, ndugu yangu," na watu wa sokoni walimcheka mpaka wakachoka kumcheka.

Asubuhi moja alipokuwa akijitazama, aliona nyuma ya uso wake uso wa pili, mpana, mwekundu, wenye ndevu za rangi ya moshi. Badru alitaka kukitupa kisu akimbie, na ule uso ukamwambia kwa upole:

"Usiogope, bwana wangu. Mimi ni jini Kundurashi, nimefungwa katika chuma hiki, na yeyote atakayeking'arisha hata nikaonekana, nitamtumikia. Lakini bapa hili likipata mkwaruzo mmoja tu…"

Hapo ulimi wa jini ukakaza, macho yakamtoka, akahema na kunung'unika, asiweze kumaliza, kwa kuwa aliyemfunga alimkataza kulitamka lililobaki. Badru naye, kwa pupa yake, akalimalizia mwenyewe moyoni: likipata mkwaruzo, jini atapotea na neema yote itapotea. Akaapa kwamba kisu hicho hakitagusa kitu maisha.

Na jini akatumika kweli. Badru akitamani mawaridi ya nchi za mbali, aliyakuta dukani yangali na umande, na akitamani ambari na miski, vilikuwa vimeshapangwa rafuni, na duka likawa kubwa, na nyumba ikawa ya ghorofa. Ila jini kila akitokea alimwuliza kwa huzuni, "Leo huna cha kukata, bwana wangu? Hata kamba?" Na Badru alimjibu kwamba hana, akidhani anapimwa.

Siku moja akaja dukani binti yake Sultani, Mwana Rehani, pamoja na mjakazi wake, akitaka mafuta ya asumini. Badru akiwa amekishika kisu anakipangusa, Mwana Rehani aliiona shela yake yenyewe ndani ya bapa, kila uzi na rangi yake, akashangaa uzuri ule. Kisha akamwona Badru akikikunja kisu na kutoka mbio kwa jirani kuazima kingine cha kukatia uzi wa kufungia chupa. Binti akacheka hata akaegemea mlango. Na kicheko kile, wallahi, kilimwingia Badru moyoni kikakaa, na tangu saa ile hakula wala hakunywa kwa raha, na binti naye kule kasrini hakuacha kuzungumza habari za muuza uturi.

Badru akapeleka posa. Sultani hakukataa, ila alisema desturi ya Kanzari lazima itimizwe, nayo ilikuwa hivi: mchumba huletewa sinia la shaba lenye halua nzito, naye hutoa kisu chake mwenyewe cha kila siku, akakata kipande, kisha akakilaza kisu na kukipitisha chini ya kipande, bapa likisugua shaba mpaka barazani wasikie, akakiinua na kumlisha baba wa binti. Halua ikinata kisuni, posa imeanguka wala hairudiwi, maana wazee wa zamani walisema bapa lenye kutu na vikwaruzo vya uchafu huing'ang'ania halua, na mtu asiyetunza kitu anachokibeba kila siku, binti wa watu atamtunzaje?

Badru aliposikia habari ya kusugua shaba, alirudi nyumbani upesi. Alijifungia chumbani akamwamuru jini ampe kisu kingine, mfano wa kile kile, apate kukikwaruza atakavyo. Jini akamsihi sana atumie cha kwake, Badru akashikilia, na amri ni amri.

Siku ya siku ikafika. Baraza ilijaa mawaziri na makadhi na wafanyabiashara, na Mwana Rehani alikaa nyuma ya pazia, na sinia likaletwa, halua inatoa mvuke wa zafarani na iliki, na Sultani akaisogelea. Badru akatoa kisu kile cha mfano alichopewa na jini, kinametameta, akakichoma katika halua. Lo! Mng'ao ule ulikuwa kiini macho tu, na chini yake chuma kilikuwa kinaparuza, na halua ikakikamata, ikakivuta, Badru akivuta huku na halua ikivuta kule, hata kisu kikamtoka mkononi kikabaki kimesimama katikati ya sinia. Baraza nzima ikaangua kicheko. Kadhi akainuka atangaze kwamba posa imeanguka.

Mwana Rehani akasema kutoka nyuma ya pazia kwamba kile si kisu cha Badru, kwa kuwa cha kwake alikiona kwa macho yake, laini kama kioo, na desturi inataka kisu cha mtu mwenyewe, basi bado hakuna aliyekata kitu. Kadhi akakuna ndevu. Sultani akasema binti yake kasema kweli, tena halua inapoa.

Hapo Badru hakuwa na pa kutokea. Alikitoa kisu cha baba yake, akaifungua hariri, akakikunjua, na mwanga wa bapa ukacheza juu ya dari ya baraza na watu wakainua nyuso kuutazama. Akakiinua juu ya sinia, na mkono ukakataa kushuka. Alikumbuka nyumba ya ghorofa, na miski, na mawaridi, akaungama mbele ya watu wote:

"Maulana, nisamehe. Kisu hiki naogopa kukikwaruza. Kikikwaruzika, yote niliyo nayo yatapotea."

Mwana Rehani akasema, wala hakucheka tena:

"Bwana Badru, mimi nitapika na kuungua vidole, nitazaa, nitaugua, nitazeeka, na uso huu utaingia mikunjo. Kama kisu tu unakiogopea mkwaruzo, mimi utanizonga katika hariri gani?"

Maneno hayo yalimchoma Badru kuliko kicheko cha watu wote. Aliona haya, na baada ya haya akaona upendo, na upendo ukaushinda woga. Akasema bismillahi, akakata. Kisu kilishuka katika halua bila kusitasita, akakilaza, bapa likapita juu ya shaba likilia kwaruu hata walioko nje wakasikia, na kipande kikainuka kizima, laini, hakuna hata punje iliyonata chumani. Sultani alikimeza akafumba macho kwa utamu.

Na pale penye mkwaruzo, mwembamba kama unywele, moshi ukafuka, ukajaa baraza, na ndani yake akasimama jini Kundurashi, ndevu zinagusa dari, anacheka na kulia kwa pamoja, mawaziri wamejikunyata chini ya mazulia.

"Bwana wangu Badru," akasema, "mkwaruzo ndio ulikuwa ufunguo wangu, nami nilikatazwa kuutaja. Mabwana wengi wamenimiliki, na kila mmoja alikipenda kisu hiki hata akakinyima kazi, nami nikazeeka humo nikitazama masharubu ya watu. Nilivyokuletea kwa amri ni vyako. Na hivi nakupa kwa hiari yangu."

Akapiga kofi, na ua wa kasri ukajaa makasha ya fedha yenye ambari, na mabunda ya hariri, na vito, kisha akatoka dirishani akiimba, asionekane tena.

Ikafanywa harusi, mji mzima ukala ukashiba, na Sultani akamfanya mkwewe msimamizi wa masoko yote ya Kanzari. Badru aliendelea kukisugua kisu kila asubuhi, na mchana alimenyea wageni machungwa, alikatia kamba, alimkatia mkewe mananasi, na jioni alikipangusa kwa kitambaa kikarudi kung'aa, na mikwaruzo yake ikazidi mwaka hata mwaka wala hakuionea haya. Na alipoulizwa na vijana habari ya siku ile, aliwaambia kwamba alikuwa akihofia kumpoteza jini, kumbe aliyekuwa akimpoteza ni mke.

Basi, msikilizaji, kitunze kitu chako king'ae, kisha kipe kazi, na umpendaye usimweke mbali na maisha kwa kumwogopea. Nimesema ya Kanzari kama nilivyoyapenda kuyasema, na aliyeyapenda ayachukue aende nayo nyumbani kwake kwa salama.