Simba Jike wa Amiri Shurahbili

Tumepokea kwa waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Khurasani aliishi mja mwema aitwaye Wadihi bin Numairi, mtengeneza ngozi. Mikono yake ilinuka chumvi na magome, na ulimi wake haukuchoka kumdhukuru Mola wake.

Amiri wa mji huo, Shurahbili, alipenda kuua wanyama asiowala. Vichwa vyao alivitundika barazani, na ngozi zao zilipelekwa kwa Wadihi.

Siku moja Wadihi akaletewa mzoga wa simba jike ili amchune. Mguuni palikuwa na alama ya kamba iliyozama nyamani, na chuchu zilikuwa bado na maziwa. Akaketi chini, akalia.

Ijumaa baada ya sala, Amiri aliwasimulia wageni jinsi simba yule alivyomrukia, naye akamkabili peke yake. Kisha akamgeukia Wadihi, aliyekuwa miongoni mwao.

“Waambie, shekhe. Jeraha la mkuki umeliona.”

“Nimeliona, ewe Amiri. Na alama ya kamba nimeiona. Aliuawa akiwa amefungwa, naye alikuwa akinyonyesha.”

Amiri akaghadhibika. Siku ile ile karakana ya Wadihi ikabomolewa, naye akafukuzwa mjini. Akashika njia ya milimani kuwatafuta watoto wa simba. Aliwakuta watatu pangoni, wamelaliana, wamekwisha kufa kwa njaa. Akawafukia kwa mikono yake, akabaki kuishi huko huko.

Mwaka haujatimia, Amiri akamfuata bila askari, amekonda.

“Shekhe, nikiua napata utulivu. Kisha unaniondoka, nami natafuta mwingine wa kuua. Nina maradhi gani?”

“Huyo mnyama anapokutazama, wewe huhisi nini?”

Amiri akainamisha uso. “Kwamba yupo kiumbe anayekiogopa kifo zaidi ya ninavyokiogopa mimi.”

Machozi yakamtoka Wadihi. Amiri akamwambia, “Usinililie, sistahili.”

“Naililia nafsi yangu. Alama ile ya kamba haikuwa ya kwanza kuiona. Miaka kumi na mmoja nilizisugua alama kama zile mpaka zikafutika, nikanyamaza, kwa kuwa nilikuogopa wewe.”

Wakasujudu bega kwa bega, wakaomba maghufira.

Ndugu zangu, mmoja aliua kwa hofu, na mwingine akanyamaza kwa hofu. Mola ni Mwingi wa kusamehe. Basi na tuiseme kweli mapema, angali yupo wa kuokolewa nayo.